Bastola ya Pili kwa Ajili ya Mtu Anayepiga Hodi

Mama Imelda, shikamoo.

Jina langu naomba usilichapishe, ukitaka kuniita kitu niite Fundi, maana ndivyo nilivyo, fundi wa kufuli na funguo, na kama umewahi kufungiwa nje ya nyumba yako hapa Matonge, Ubelgiji, basi huenda umeshaniona nimepiga magoti mbele ya mlango wako. Safu yako naisoma miaka yote lakini sikufikiri hata siku moja kwamba nitakuandikia, kwa sababu mimi si mtu wa kulialia, na hata leo sikuja kulia, nimekuja na swali moja la kiufundi: je, mtu mwenye bastola moja ya kujilinda ana sababu ya maana ya kuongeza ya pili, ndogo, ya akiba, ya kuvaa kifundoni mwa mguu? Nilitaka niishie hapo. Mke wangu Atieno amesoma juu ya bega langu akasema, "Wewe, mwambie Mama yote ama usitume," kwa hiyo nasema yote.

Nilifika mji huu miaka kumi na tisa iliyopita na begi moja, nikaosha vyombo, nikabeba matofali, nikajifunza kufuli kwa mzee mmoja Mflamandi aliyekuwa hanisemeshi mpaka saa sita, na leo duka ni langu. Nimefungua milango ya watu elfu tatu na mia moja na ushee, naandika kila mmoja, na katika hiyo yote ni watu wachache sana ambao hawakuniuliza kitambulisho kwanza, yaani mtu yuko nje kwa nguo za kulalia, anatetemeka, kaniita mwenyewe, na bado ananitazama kama mimi ndiye niliyekuja kumuibia. Nimezoea. Lakini miaka mitatu iliyopita, saa kumi alasiri, jua linawaka, watu wanapita dirishani, vijana wawili waliingia dukani kwangu wakanilaza chini ya kaunta, wakanifunga mikono kwa waya wangu mwenyewe, mmoja akanipiga teke likaondoka na jino, na tangu jirani alipopiga simu mpaka polisi walipoingia zilipita dakika ishirini na sita. Ishirini na sita, Mama. Mimi kitasa cha kawaida nakifungua kwa dakika nne. Baada ya miezi minane ikaja barua ya mistari minne kwamba faili limefungwa.

Nikajiunga na klabu ya shabaha, nikafanya mtihani, daktari akanipima, nikapata kibali, nikanunua bastola yangu kihalali na sefu yake. Na kwa kuwa wewe ni mama nitakwambia kweli, sefuni ilikaa miezi miwili. Siku hizi iko kiunoni, dukani, sokoni, nyumbani, na Atieno ameshanitania mpaka amechoka, ananiambia, "Kwani hata choo unaenda na hiyo kitu? Unaogopa nani huko?" Namwambia cheka tu.

Sasa jambo lenyewe. Tunakaa ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma ya Galerie d'Ixelles, nyumba niliyoinunua miaka mitano nyuma kupitia kwa wakala, mwenyewe sikumwona. Duka nafungua saa sita mchana, kwa hiyo asubuhi niko peke yangu, Atieno yuko kazini. Wiki ya pili ya Novemba, Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nakunywa chai, nikasikia mlangoni mtu anasema, "Hodi."

Hakugonga wala hakupiga kengele, alisema tu. Na hakusema kwa Kifaransa, alisema hodi, kama yuko kwetu Bukoba. Nikaganda na kikombe mkononi. Baada ya sekunde kama nane, tena, "Hodi." Sekunde nane nyingine, "Hodi, batu ya hapa. Muko?" Halafu hatua zikaondoka.

Na sauti hiyo, Mama, sijui niieleze vipi. Kiswahili ni cha Kongo lakini cha zamani, kikavu, kama kinatoka kwenye redio ya betri zinazokwisha. Na haitoki pale inapotoka sauti ya mtu aliyesimama. Inatoka chini, usawa wa kiuno changu, kama mtu amepiga magoti nje akaweka mdomo kwenye mbao. Nilichungulia kwenye jicho la mlango nikaona ukuta wa korido na taa, basi. Nikajiambia kainama ili nisimwone, na mtu anayelikwepa jicho la mlango anajua anachofanya.

Ijumaa akaja tena, saa ileile. Jumanne tena. Hodi tatu, hajawahi kupiga ya nne. Mimi sijaitikia hata moja, maana vijana wale wawili nao waliingia wakasema bonjour. Nikaanza kuhesabu hatua zake zinapoondoka. Ni kumi na tisa, na si hatua za kawaida, moja inagonga sakafu, inayofuata haina sauti kabisa, moja inagonga, moja haina, kama vile kila baada ya hatua anakanyaga hewani. Na ngazi ziko kushoto, lifti iko kushoto, lakini hatua zinakwenda kulia, na kulia, Mama, mwisho wa korido, hakuna kitu. Kuna mlango wa chuma usio na mkono wala tundu la ufunguo, umepakwa rangi moja na ukuta, haujafunguliwa tangu nihamie. Hatua zinafika pale, ya kumi na tisa, zinakoma. Nikitoka nakuta korido tupu.

Nilimwendea Maxime, ndiye msimamizi wa jengo letu, ana picha za kamera ya mlango wa barabarani. Akatazama mbele yangu siku nne nilizomtajia. Anasema, "Monsieur, hakuna aliyeingia. Labda ni mabomba ya joto." Nikamwambia mabomba yenu ya Ubelgiji yanajua Kiswahili? Akacheka, mimi sikucheka. Nikaomba niweke kamera kwenye korido kwa gharama yangu, akasema wenye nyumba lazima wapige kura na mkutano ni mwezi wa nne.

Siku yake ya saba ya kuja nikakuta ufunguo juu ya zulia la mlangoni. Ufunguo wa zamani, wa chuma, mrefu kama kidole changu cha kati, una utepe wa buluu uliopauka. Kazi yangu ni funguo, nilijua kabla sijainama ni wa nini. Mlango wangu una vitasa viwili, cha juu nilikiweka mwenyewe, cha chini ni cha zamani na tundu lake la nje nililiziba kwa kibati cha shaba siku nilipohamia. Niling'oa kibati nikauingiza. Ukageuka mara moja, bila kukwama. Nikauchomoa, nikakipigilia kibati upya. Mtu ananiambia, ningetaka kuingia ningeshaingia. Hivyo ndivyo nilivyosoma, na wewe ungesoma vipi?

Siku yake ya kumi na mbili, Ijumaa iliyopita, nilimsubiri. Nilisimama hatua mbili nyuma ya mlango, bastola mikononi. Hodi. Hodi. Ile ya tatu ilipoisha nikaona mkono wa mlango unashuka polepole, kama unashushwa na mtu asiye na nguvu au mtu asiye na haraka. Nikalenga pale inapotoka sauti, usawa wa kiuno, nikavuta.

Tik.

Basi, hiyo tu. Risasi ilikuwa mbovu, nimeitoa baadaye nikaona pini imeigonga sawasawa na haikulipuka. Na palepale, upande wa pili wa mbao, sauti ikasema kwa upole, "Aksanti. Niko nangoja."

Nilikaa sakafuni. Nilihesabu sekunde mia mbili na kumi na mbili kabla hatua hazijaondoka, moja inagonga, moja haina.

Sasa uone hesabu yangu, Mama, usinione chizi. Klabuni nimepiga risasi 1,233 na bastola hii na imenikatalia mara tisa, ninayo daftari. Hiyo ni mara moja katika kila 137. Nikiwa na ya pili inayokataa kwa kiwango hichohicho, uwezekano wa zote mbili kukataa kwa pamoja ni mara moja katika 18,769. Kassimu, kinyozi pale Galerie, ameniambia anamjua mtu mwenye ndogo nzuri, ila haina karatasi. Nilipositasita akanicheka mbele ya wateja, "Kaka, gari lako lina tairi la akiba, roho yako haina?" Atieno anasema nikiingiza ya pili yeye anarudi Kisumu, na ameshatoa sanduku juu ya kabati. Mimi sitaki aende. Lakini kesho kutwa ni Jumanne, na mimi najua kitu ambacho yeye hajui, najua ya kwanza ilinikatalia. Hilo sijamwambia. Atalisoma hapa.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nijibu haraka.

Fundi, Ixelles


MAMA IMELDA ANAJIBU

Marahaba, Fundi.

Jibu la swali lako ni hapana. Ulijibiwa kwa simu dakika ishirini baada ya mimi kumaliza kusoma, kwa sababu barua yako haikuwa ya kusubiri gazeti. Hapa nachapisha kwa ajili ya Fundi wengine, maana najua mko, na wake zenu wameanza kuniandikia.

Nianze na pole, na ni pole ya kweli. Dakika ishirini na sita chini ya kaunta na waya mikononi ni nyingi, na barua ya mistari minne ni dharau. Ulijenga maisha yako kwa magoti, mlango kwa mlango, kisha wakaja watu wawili wakakulaza sakafu uliyoilipia mwenyewe. Ningekuwa mimi ningeogopa vilevile. Ila nikwambie, mwanangu, hujatoka chini ya ile kaunta. Miaka mitatu uko palepale, na kila anayekuja unamwona viatu tu.

Sasa hesabu zako. Umepiga vizuri, sina ugomvi na daftari. Lakini soma tena ulichokiandika. Moja katika 137 umeiandika kama kosa la bastola. Hiyo ilikuwa bahati ya mtu aliyesimama nje, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na ilimtosha. Wewe unaniomba nikusaidie kumpunguzia ifike moja katika 18,769. Umeniletea kisa cha mtu aliyefyatua bastola kwenye mlango uliofungwa, bila kujua nani yuko nyuma yake, na malalamiko yako ni kwamba mtu huyo hakufa.

Haya. Umefungua milango elfu tatu na mia moja, Fundi, na umeshindwa mmoja, ule wa chuma usio na tundu. Hukujiuliza mlango usio na mkono upande wako una mkono upande gani? Mimi nakujibu kwa sababu kila Jumatano nauona. Nyuma ya jengo lenu kuna nyumba ya wazee. Zamani majengo yale mawili yalikuwa mali ya mtu mmoja, na korido ilipita moja kwa moja. Mimi huenda pale kukaa na bibi wanne na babu mmoja, Wabelgiji waliokaa Kongo na Rwanda, ambao hawana tena wa kuzungumza naye lugha walizorudi nazo.

Mmoja wao anaitwa Veerle. Binti yake, Amélie, ameniruhusu niandike. Veerle ana miaka themanini na tisa, alilelewa Bukavu, na akili yake inaondoka kwa zamu. Kiflamandi kilitangulia, Kifaransa kinafuata, kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni. Mgongo wake umepinda hata anaongea na sakafu. Usawa wa kiuno chako, Fundi, ndio usawa wa kichwa chake. Nimeandika sentensi hiyo nikasimama nikanywa maji.

Alikaa kwenye nyumba yako miaka arobaini na mmoja. Jumanne na Ijumaa ni siku za kubadilisha mashuka, wahudumu wanakuwa juu na kengele ya mlango ule wa chuma ilikuwa mbovu. Anaufungua, anavua ndara moja anaubana nayo usimfungie nje, anakuja kwako na mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Akirudi anaiokota, mlango unajifunga. Ndiyo hiyo hatua yako inayokanyaga hewani.

Na hodi zake tatu? Wewe mtu wa Bukoba unaniuliza mimi? Nani alikulea? Mtu anabisha mara tatu, asipoitikiwa anaondoka kwa heshima, ndivyo alivyofundishwa naye, na amekumbuka hata baada ya kusahau jina la mwanawe. Mwizi gani huyo anayeomba ruhusa mara thelathini na sita, asipopewa anakwenda zake? Umehesabu sekunde, umehesabu hatua, umehesabu risasi. Neno karibu umelisema mara ngapi?

Ufunguo nao nilimuuliza. Anasema vidole vyake haviwezi tena kuugeuza, na tundu halioni, "kiliziba." Alikuachia wewe uliye ndani umfungulie. Ukausoma kama tishio kwa sababu kila kitu siku hizi unakisoma hivyo, na hiyo, mwanangu, ni sababu tosha kwamba usiwe na hata bastola moja, acha ya pili.

Haya ndiyo ya kufanya, na mengine umeshaanza. Kibali chako ni cha klabu. Kinakupa ruhusa ya kuiweka sefuni bila risasi na kuipeleka klabuni ikiwa imefungwa ndani ya mkoba wake, hakikupi ruhusa ya kuivaa kwenda kununua ndizi. Kwa hiyo wakili kwanza, nimekutumia namba ya mama mmoja mkali na mwaminifu. Halafu polisi wa mtaa kwa simu, wakwambie namna ya kuikabidhi, usiende nayo kiunoni ukafikiri watakupokea kwa chai. Kassimu mwambie Mama Imelda anamsalimia, na kwamba tairi la akiba halijawahi kumpasua bibi kichwa, na asiendelee kumtafutia mtu kitu kisicho na karatasi kama anapenda kibanda chake cha kunyoa kiwe wazi. Kwa lile jino na ule waya utamwona daktari wa mambo ya moyo na akili, kila wiki, na utakwenda hata ukiona huna la kusema. Kaa kimya mbele yake kama yule mzee wako wa kufuli, mpaka saa sita ikibidi.

Atieno, najua unasoma. Sanduku lirudishe juu ya kabati lakini usilijaze vumbi. Mumeo amekuficha jambo kubwa na una haki ya kukasirika kwa muda utakaoona unatosha. Bastola ikitoka nyumbani, mpe nafasi. Isipotoka, nauli ya Kisumu tutachangishana.

Nyumba ya wazee wametengeneza kengele na walitaka kuufunga ule mlango wa chuma moja kwa moja. Nimewaomba wangoje mpaka Ijumaa. Ukinipigia kabla ya hapo, na wakili akanithibitishia kwamba silaha haimo ndani, nitamleta mwenyewe nimemshika mkono, ndara zote mbili mguuni, saa nne na dakika arobaini. Toa kile kibati cha shaba. Utasikia hodi. Usingoje ya tatu.

Nikwambie na la mwisho, ili ujue unamfungulia nani. Jumatano nilipomuuliza kama watu wa nyumba ile wamewahi kumjibu, Veerle alinyanyua uso kadiri mgongo unavyomruhusu, akafurahi. Akasema, "Ndiyo, mama. Ile siku nilisikia kufuli inafanya tik. Nikasema aksanti, nikangoja." Akanishika kidole. "Lakini habakufungua. Juu ya nini, mama?"

Jibu la hiyo kwa nini yake unalo wewe, na Ijumaa atakuuliza.

Mama Imelda